Diski ya kiuno imetoka: usubiri, uchome sindano, upasuliwe kawaida au uingiziwe kamera?

Mi nauza vifaa vya ujenzi hapa Dar, na ukiuza vifaa vya ujenzi saruji utaibeba tu hata kama una vijana wawili wa kubeba, maana kuna siku kijana hajaja na mteja kashasimamisha guta nje, sa utafanyaje, unainama unanyanyua. Mfuko kilo 50. Siku hiyo kwenye mfuko wa nne nikaskia kitu kama kimekatika kiunoni, hata hakikuuma kivile, nikamaliza kazi nikaenda kulala. Asubuhi ndo mguu wa kushoto ukaanza, kutoka takoni, nyuma ya paja, mpaka pembeni ya unyayo kule kwenye kidole kidogo, yani kama mtu kakuchomeka waya wa umeme af anacheza na swichi. Kupiga chafya ilikua adhabu. Kukaa chooni ndo usiseme.

Ndani ya mwaka huohuo shemeji yangu, mwalimu wa Morogoro, naye diski ikatoka. Na mama mmoja tunapakana maduka naye hivohivo. Ugonjwa mmoja, watu watatu, na kila mtu alipita njia yake: mwalimu alisubiri na kuchoma sindano, mi nilipasuliwa hapahapa kwa njia ya kawaida ya hadubini, mama jirani alienda India akaingiziwa kamera kwa katundu ambako ukikaangalia leo unaweza kudhani ni kovu la ndui. Kwahiyo watu wakiumwa kiuno wananipigia mimi, swali ni lilelile, ety "ipi bora kati ya hizo?" Nimejibu kwenye simu mpaka nimechoka, acha niandike.

Kwanza uelewe kimetoka nini. Diski ni kile kimto kilichopo kati ya pingili na pingili za mgongo, nacho ni kama embe la kunyonya, lile unalolikandakanda kwanza kabla hujalitoboa. Ganda gumu nje, ndani ute mzito. Ukilikanda kwa nguvu sana linapasukia upande ambao ganda limechoka, na kiunoni upande huo mara nyingi ni nyuma pembeni, palepale neva, yani mshipa wa fahamu, inapopita kwenda mguuni. Ndo maana kimeumia kiuno lakini anayelia ni mguu. Zaidi ya 90 kati ya kila diski 100 za kiuno zinazotoka ni zile mbili za chini kabisa, L4-L5 (kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) na L5-S1 (kati ya hiyo ya tano na mfupa wa chini yake). Ikibanwa neva ya L5 maumivu yanaenda juu ya unyayo mpaka kidole gumba na unaweza kushindwa kukinyanyua, ikibanwa S1 kama yangu yanaenda pembeni ya unyayo na kusimama kwa ncha ya vidole inakua shida. Jipime mwenyewe, tembea kwa visigino af tembea kwa vidole.

Af picha ya MRI isikuvue nguo. Ripoti itakuja imejaa maneno ya kutisha, diski imechoka, diski imevimba, imesukuma. Mwaka 2015 kuna wataalamu walikusanya tafiti za picha za migongo ya watu ambao HAWAUMWI chochote, wakakuta wenye miaka 40 nusu yao diski zimevimba, na wenye miaka 80 ni 84 kati ya 100. Yani ukipiga picha watu wazima wote kwenye daladala utakuta diski za kutosha na hakuna anayelia. Kinachoamua ni kama kilichopo kwenye picha kinafanana na mguu unaouma. Picha inaonyesha kulia, wewe unaumwa kushoto, ondoka hapo kwanza.

Na kuna watu ambao ulinganisho huu hauwahusu kabisa. Kama mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, haja kubwa hivohivo, au ganzi imeshika katikati ya mapaja na sehemu za siri pale panapokaa kwenye kiti cha baiskeli, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, hapo hakuna cha kusubiri wala kulinganisha bei. Ni usiku huohuo hospitali kubwa. Wanahesabu masaa hapo sio siku, ukichelewa mkojo unaweza usirudi kuwa kama zamani hata ukipasuliwa vizuri namna gani.

Haya, sisi wengine.

Mwalimu alisubiri. Na nakwambia ukweli, mi nlimuona mwoga. Ila mwili una kazi yake: kile kipande kilichotoka kinga ya mwili inakiona kama kitu kigeni, inakila taratibu, kinanywea. Cha ajabu ni kwamba diski iliyochomoka vibaya ndo inayonywea zaidi. Mwaka 2015 pia kuna waliojumlisha tafiti za hilo jambo, wakakuta kipande kilichokatika kabisa na kuelea peke yake kilipungua chenyewe kwa watu 96 kati ya 100, iliyotoka nje ya ganda lakini bado imeshikilia 70, ila ile iliyovimba tu bila kupasuka ni 13. Kwahiyo ripoti ikisema kipande kimekatika usilie kabla hujaskia, labda wewe ndo mwenye bahati.

Kusubiri sio kulala lakini. Mwalimu alitembea kila asubuhi, alikwenda fizio, yale mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, akaacha kukaa masaa manne akisahihisha madaftari. Dawa za maumivu alikunywa za kawaida. Kuna zile za neva, pregabalini, ambazo kila mwenye mguu unaowaka anaandikiwa na zinakufanya utembee kama umelewa gongo, sasa Australia walizipima kwa watu 209 wenye hii shida, majibu yakatoka 2017, hazikupunguza maumivu ya mguu kuliko kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu kiliongezeka. Mi nilizinywa miezi miwili. Sijui nlikua nalipia nini.

Wiki ya saba mwalimu akazidiwa, akachomwa sindano. Hii watu wanaichanganya na sindano ya takoni, sio hiyo. Wanakulaza kifudifudi, daktari anaangalia kwenye skrini ya eksirei, anaingiza sindano mpaka karibu kabisa na neva iliyobanwa, anaweka steroidi na dawa ya ganzi. Dakika kama 20, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Inashusha uvimbe wa neva, diski haiigusi. Ndo ubaya wake na ndo uzuri wake, kwasababu inachokupa ni muda, wiki kadhaa mpaka miezi, ili ule mwili uendelee na kazi yake ya kula kipande we ukiwa unalala usingizi. Tafiti kwa ujumla zinasema nafuu ipo ila ni ndogo na ya muda mfupi, kuna wanaopata sana na kuna wasiopata hata kidogo. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda siku kadhaa, anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Na 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kuna madhara ya nadra ila mabaya sana, hadi kupooza, kwahiyo mtu akitaka kukuchoma ya aina hii bila mashine ya kuona anapoelekea, mwambie asante.

Mwalimu alipata nafuu kama siku ya tano. Hakurudia. Mwezi wa sita alikua anacheza mpira na wanafunzi, kizembe tu lakini anacheza.

Sasa mimi. Mi sikua na subira na pia sikua na mshahara, duka likifungwa limefungwa. Wiki ya kumi bado nalala sakafuni na mto chini ya magoti, af kusimama kwa vidole mguu wa kushoto nikawa siwezi kabisa, ndo daktari akasema hapa tufungue.

Kuna utafiti mmoja ndo ungenisaidia ningeujua mapema. Waholanzi, maana hawa jamaa ndo wameushughulikia sana huu ugonjwa, walichukua watu 283 ambao mguu umewauma vibaya kati ya wiki 6 na 12, nusu wakapasuliwa haraka, nusu wakaambiwa waendelee kusubiri na wakizidiwa ndo wapasuliwe. Wakatoa majibu 2007. Baada ya mwaka pande zote mbili 95 kati ya 100 wamepona. Sawasawa! Ila waliopasuliwa mapema nusu yao walikua wamepona ndani ya wiki 4, waliosubiri ni wiki 12, na kati ya hao wa kusubiri 39 kwa kila 100 waliishia kupasuliwa tu. Soma tena hapo taratibu. Maana yake kisu kwa mtu asiye na hatari unakilipia ili upate zile wiki nane, mguu wa mwakani ni uleule. Kwa mwalimu mwenye mshahara na ruhusa ya ugonjwa, wiki nane ni tabu ila zinapita. Kwa mwenye duka au dereva wa lori wiki nane ni kodi ya fremu, ni mteja aliyehamia kwa jirani. Hiyo hesabu daktari hawezi kukupigia, ni yako.

Ukishaamua kisu ndo sasa swali la tundu linakuja, na hapa ndo watu wanachanganywa kwelikweli, kwasababu neno "tundu dogo" limekua tangazo. Ya kwangu, mikrodisektomi, nayo ni tundu dogo. Chale kama sentimita 3. Nusu kaputi, unalazwa kifudifudi, wanasogeza msuli, wanakwangua mfupa wa pingili kidogo tu, wanafungua utando wa njano uliopo chini yake, neva inasogezwa pembeni taratibu af wanang'oa kilichotoka, huku daktari anaangalia kwa hadubini. Diski yenyewe inabaki, wanatoa kipande tu. Sio jambo la jana pia, walioonyesha dunia kwamba diski ndo inabana neva ni Mixter na Barr wa Boston mwaka 1934, na hadubini ilishika kasi baada ya Yaşargil na Caspar mwaka 1977, kwahiyo ni njia iliyozeeka vizuri na madaktari wengi wa mgongo wameifundishwa. Nilikaa kwenye meza kama saa moja na kitu. Nilipoamka kiuno kinauma ila mguu KIMYA. Sikuamini nikauchezesha. Jioni wakanitembeza, kesho yake mchana nikatoka.

Mama jirani ya kwake ilikua L4-L5. Yeye hakulala usingizi kamili, alipigwa ganzi ya pale pale na dawa ya kumtuliza, akawa anaongea na daktari, neva ikiguswa anasema. Waliingilia ubavuni, kijitundu cha milimita kama 8, bomba jembamba lenye kamera na maji yanapita muda wote, vikoleo vidogo vinaingia kwenye bomba hilohilo na kutoa vipande. Wanapita kwenye uwazi ambao upo tayari kati ya pingili, mfupa haukwanguliwi au unakwanguliwa kidogo sana. Jioni alitembea mwenyewe kwenda hotelini. Mi siku hiyo ya kwangu niliinuliwa na watu wawili kwenda chooni, kwahiyo ukiuliza siku tatu za mwanzo nani kashinda, ni yeye bila ubishi. Kidonda kidogo, damu kidogo, msuli haujasumbuliwa, na kwa mzee au mwenye moyo mbovu kule kukwepa nusu kaputi sio jambo dogo.

Ukiuliza mwaka mmoja baadaye sasa. Waholanzi tena, 2022: watu 613, hospitali nne, nusu kamera ya ubavuni nusu hadubini. Maumivu ya mguu baada ya miezi 12, kamera haikua mbaya kuliko hadubini, hata ilitangulia kidogo, ila kidogo cha kwenye karatasi. Kuna kitu kwenye ule utafiti mi nakipenda zaidi ya majibu yenyewe: wagonjwa wa mwanzo wa wale madaktari waliokua bado wanajifunza kamera waliwekwa pembeni, hawakuingia kwenye hesabu kuu. Sasa jiulize, we ukienda mahali ambako mashine imefika mwezi uliopita, utakua kwenye hesabu kuu au utakua kwenye wale wa pembeni? Kamera ni ngumu kujifunza, daktari anaangalia skrini, nafasi ni finyu, na kipande kilichosafiri mbali juu au chini ya pingili anaweza asikifikie chote.

Na tundu kuwa dogo hakumaanishi moja kwa moja kupona vizuri. Kuna njia ya kati, ya kupitisha bomba kwenye msuli bila kuukata, walau inasikika vizuri masikioni. 2009 walipima watu 328, bomba dhidi ya mikrodisektomi ya kawaida, na baada ya mwaka wale wa bomba ndo maumivu yao yalizidi kidogo. Tofauti ndogo, ila imeelekea upande ambao matangazo hayasemi.

Pia sio kila diski inaingilika ubavuni. Ya kwangu L5-S1 ipo chini sana, mfupa wa nyonga unakaa mbele ya njia kama geti, kwahiyo kamera ingebidi ipitie mgongoni katikati ya pingili, na hapo mara nyingi nusu kaputi inarudi palepale. Kwahiyo ile faida kubwa ya mama jirani mi nisingeipata hata ningeuza duka nikapanda ndege. Nilimuuliza daktari wangu hilo swali, akacheka, akasema we wa kwanza kuuliza.

Hatari zinafanana kwa zote mbili. Utando unaofunika neva unaweza kuchanika, inatokea kwa wachache kwenye kila 100 na mara nyingi unazibwa palepale. Usaha, nadra. Ila hii ya kurudi ndo itabidi uikubali kabla hujasaini: kati ya watu 5 na 15 kwa kila 100 diski ileile inatoka tena, haijalishi walipita kwa kamera au hadubini, kwasababu ganda limeshatoboka na embe bado lipo.

Vyuma je? Watu wengi hawaogopi kisu wanaogopa vyuma, utaskia "fulani aliwekewa vyuma mpaka leo anatembelea fimbo". Diski iliyotoka mara ya kwanza, pingili hazitelezi, hakuna kuvunjika, kwa kawaida haihitaji vyuma. Mtu akikupa bei yenye skrubu ndani, muulize ni za nini, na akijibu haraka haraka peleka picha zako kwa daktari wa pili.

Kuna zile za kuchoma katikati ya diski, nazo nazipitia mbio. Lesa inaunguza ute kidogo ili diski inywee, ozoni ni gesi inaingizwa humohumo. Zote zinataka diski ambayo ganda halijapasuka, kipande kikishatoka nje unaunguza chumba wakati mwizi yupo barabarani. Lesa Waholanzi waliipima 2015, watu walipona mwishoni ila 38 kati ya 100 walihitaji upasuaji mwingine ndani ya mwaka, waliopasuliwa kawaida walikua 16. Hii naisema kwa uchungu kwasababu kabla ya yote kuna kliniki moja ilinipangia lesa, nikalipa nusu ya hela, ndo baadaye nikajua kipande changu kilikua nje ya ganda kitambo na ripoti ilisema hivyo kwenye mstari wa pili. Hela haikurudi. Ya kuchekesha, miaka ya 80 kulikua na sindano ya kuyeyusha diski iliyotengenezwa na kimeng'enya cha papai, kweli papai hili hili, Marekani waliiruhusu 1982, kuna watu ilipandisha mzio mkali, na 2003 ikaacha kuuzwa kule.

Hela sasa. Usilinganishe bei ya operesheni na bei ya operesheni. Mama jirani bei ya hospitali ya India haikumtisha, kilichomla ni tiketi mbili maana huendi peke yako, viza, hoteli, na kukaa siku kumi kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege. Af akirudi kidonda kikitoa maji anampigia nani? Mi nilikua napanda bodaboda, hapana natania, bodaboda wiki za mwanzo ni marufuku, nilikua napanda bajaji taratibu namfuata daktari aliyenifungua mwenyewe. Kwa bima ulizia kwa maandishi kabla, kamera na mikrodisektomi zinaweza zisiwe kifungu kimoja. Na ukiwa na daktari muulize matatu tu: hizi unafanya ngapi kwa mwezi kwa njia hii hii, kati ya wagonjwa wako wangapi ilibidi warudi mezani, na mimi hasa kwa picha yangu nisipofanya chochote miezi miwili itakuaje. Hilo la tatu ndo linamtenganisha daktari na muuzaji.

Mi ningekua mwalimu ningefanya alichofanya mwalimu. Ningekua mama jirani, L4-L5, presha yake ile, na ningempata mtu wa kamera mwenye mkono uliozoea, ningeenda kamera, ila ningeanza kumtafuta huku kabla ya tiketi. Nikiwa mimi, na mguu uleule umeshaanza kuishiwa nguvu, ningepasuliwa vilevile nilivyopasuliwa, tofauti ningeenda wiki ya nane badala ya kumi na ile hela ya lesa ningeinunulia nondo.

Maumivu ya mguu yaliisha mezani, nguvu ya kusimama kwa vidole ilirudi kama mwezi wa nne na fizio. Ganzi ndo ya mwisho kuondoka, na kwa wengine haiondoki yote. Kidole changu kidogo mpaka leo nikivaa kandambili siijui kama imeingia vizuri mpaka niangalie chini. Saruji sibebi, kijana asipokuja mteja anabeba mwenyewe na namkata buku.